Mdau wa Mwanga, achana na hiyo grenda: msumeno wa umeme wa kuanza nao

Mwangaluka wakuu. Mdau wa Mwanga, Kigoma kauliza anunue msumeno gani wa umeme, ndo kwanza kaezeka nyumba yake, anataka afanye mwenyewe makabati ya jikoni, shelfu, apunguze milango miwili na amalizie fishabodi (ule ubao wa ukingo wa paa), na mfuko unaruhusu mashine moja tu kwa sasa. Nimepitia majibu yote, watatu wamemwambia chukua grenda ufunge diski la mbao lile lenye meno, "inafanya zote". Mi nilikuwa nasoma tu nipite lakini hapo nimeshindwa.

Niko Tabora, Isevya. Sio fundi seremala, nina kazi yangu nyingine, ila toka nianze kujenga nimefanya kazi za mbao za nyumba yangu mwenyewe na nimekosea karibu kila sehemu ya kukosea.

Naanza na grenda maana ndo iliyoniachia alama. Nilikuwa juu ya ngazi nakata ncha ya fishabodi, grenda ndogo ya inchi nne na nusu, diski la meno, kinga nimeitoa kwa sababu eti inaziba nisione mstari. Diski liling'ata pembeni kidogo, mashine ikaruka kunifuata, kidole gumba cha kushoto kikashonwa nyuzi saba. Na mashine ikaanguka chini huku bado inazunguka, kwa sababu swichi yake ukishaisukuma mbele inakaa hapohapo, haijali kama umeiachia. Grenda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, msumeno wa duara, yaani ule wa mkono wenye diski ya meno, hauzidi sana 5,000. Grenda imetengenezwa kusaga na kukata chuma kwa jiwe, na jiwe haling'ati mbao kama meno yanavyong'ata. Msumeno wa duara una kinga ya chini inayojifunga yenyewe ukitoka kwenye mbao, una sahani pana inayolala juu ya mbao ikakushikia mkono, na ukiachia kidole motor inakatika. Kwa hiyo mdau, grenda nunua kwa ajili ya nondo na vigae, kwenye mbao sahau.

Sasa jibu lenyewe. Kama ni mashine moja, chukua msumeno wa duara wa diski ya milimita 185, yaani inchi saba na robo, wa waya sio wa betri, wati kuanzia 1,200 hivi. Ukiusimamisha wima unakata kina cha kama milimita 65, kwa hiyo mbao ya inchi mbili unapita mara moja, na ukiulaza pembe ya nyuzi 45 bado unapata kama milimita 45. Kwenye nyumba mbao nyingi ni inchi moja na inchi mbili, basi umemaliza. Nguzo ya nne kwa nne unakata upande huu unageuza unamalizia.

Watu wanabishana wati, wati, lakini kinachokata ni bledi, yaani hilo diski. Nilikuwa nakata fremu ya mninga na lile diski lililokuja ndani ya boksi, moshi unatoka, mbao imekuwa nyeusi, nasukuma kwa tumbo kabisa. Mzee mmoja seremala wa Ng'ambo alikuwa anapita akasimama, akaniangalia wee, akasema, "Kijana, unakata au unachoma?" Nikamwambia shikamoo mzee, mashine haina nguvu. Akacheka, akachomoa waya kwanza, akageuza diski akanionyesha meno yamekuwa laini kama ya bibi. Siku ile nilinunua diski yenye ncha za kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma), meno 40, mashine ileile ikapita kwenye mninga kama sio yenyewe. Baadaye nikahamia kwenye diski mbili, ya meno 24 kwa kupasua kufuata urefu na ya meno 60 kwa plaiwudi na makabati. Wa mashine moja na diski moja achukue ya 40, inakaa katikati. Ila angalia tundu la katikati kabla hujalipa, kuna za milimita 20 na za 30, ukibeba la 30 kwenye mashine ya 20 bila pete yake diski linacheza, na diski linalocheza usiliwashe kabisa.

Na sisi wa huku tuna mambo mawili tofauti ya mbao. Mninga na mkurungu wetu ni ngumu, zikikauka unakwenda taratibu uache meno yafanye kazi. Paina zinazotoka kule Mafinga mara nyingi zinafika bado mbichi, hizo ndo zinakubana, unakata katikati mbao inajifunga kwenye diski, mashine inakurudia kifuani. Dawa yake ndogo tu, ukishaingia kama futi moja unazima unachomeka kabari kwenye mkato kisha unaendelea. Na usilaze mbao juu ya stuli mbili ukakata hapo katikati, itazama na kubana hata kama ni kavu, kata kipande kinachoning'inia nje ili kidondoke chenyewe. Kina cha diski weka kipite mbao kidogo tu, urefu wa jino hivi, sio diski lote liwe linachungulia chini.

Plaiwudi ya makabati: meno ya msumeno wa duara mbele yanapanda juu, kwa hiyo uso wa juu ndo unanyofoka. Laza upande mzuri chini. Mi nilijua hili baada ya kuharibu shiti nzima ya plaiwudi, mama watoto akauliza mbona makabati yameng'atwa na panya. Na kwa mkono mtupu huwezi kunyoosha futi nane, funga ubao ulionyooka au bomba la mraba la aluminiamu kwa klampu mbili, sahani ya mashine itembee pembeni yake. Hapo unapata mkato ambao mtu atakuuliza umepeleka kiwandani gani.

Jigso ndo iwe ya pili, sio ya kwanza. Jigso ni ile ya kisu chembamba kinachopanda na kushuka kama sindano ya cherehani, na kweli ilitokana na cherehani, yule mhandisi wa Uswisi Albert Kaufmann miaka ya 1940 alitoa sindano kwenye mashine ya kushonea ya mke wake akaweka kisu cha msumeno, sijui mama alisemaje. Tundu la sinki, kona za mviringo, tundu la soketi kwenye kabati, hapo haina mpinzani. Lakini kwenye mbao nene kisu kinapinda. Mi nilikata fremu ya inchi mbili kwa jigso, juu mstari umenyooka kama rula, chini umehama karibu sentimita nzima. Ukinunua chagua inayoshika visu vya mguu wa T (shina la kisu lina umbo la herufi T), vinafungwa bila bisibisi na ndo vimejaa madukani. Mdau kwa kuwa sinki una moja tu, azima.

Mashine ya meza ya kupasulia hapana. Peleka mbao pale wanapopasua, lipa, rudi na mbao zako, utatumia mara tatu kwa mwaka na inakula nusu ya uwanja. Chensoo ni ya magogo, yule aliyekushauri hiyo kwenye majibu alikuwa anatania nafikiri.

Mashine za betri nazo nazisifu kwa juu ya paa na sehemu isiyo na umeme, ila mbao ngumu zinamaliza betri mapema, na betri ndo gharama yenyewe. Betri ya kampuni hii haiingii kwenye mashine ya kampuni ile. Na usidanganyike na "volti 20" dhidi ya "volti 18", ni betri ileile ya seli tano, 20 ni pale imetoka kwenye chaja, kazini ni 18.

Halafu mitumba. Hapa nililia. Nilipata msumeno wa mtumba kutoka Japani, mzito, safi, bei ya kutupa, plagi yake miguu miwili bapa, nikabadilisha plagi nikachomeka. Ulinguruma sekunde kama nne hivi kwa sauti sijawahi kuisikia, ukatoa moshi, ukanyamaza. Kibao cha maelezo kwenye mashine kimeandikwa volti 100, mi nilisoma wati tu. Umeme wetu ni 230. Za Marekani ni 120, shida ileile, bila transfoma usiguse. Soma kibao mdau, na muombe muuzaji auwashe mbele yako uangalie cheche pale kwenye kaboni (vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye motor inayozunguka), zikiwa nyingi za bluu kuzunguka, rudisha. Uliza pia kama kaboni za kubadilisha zipo hapo Kigoma, maana hizo lazima ziishe siku moja.

Ekstensheni chukua ya waya wa milimita mbili na nusu na uifungue yote, ukiiacha imejiviringa na mashine inavuta umeme inachemka. Ya waya mwembamba wa kuchajia simu itakunyima nguvu, utasukuma, motor itaungua, utasema mashine feki.

Miwani vaa, na kitambaa puani hasa kwenye mninga, vumbi lake linanifanya nipige chafya mpaka asubuhi. Glovu za kitambaa vua, zinavutwa na diski. Chomoa waya kila unapobadilisha bledi, sio swichi tu, chomoa.

Ukimaliza makabati utanitumia migebuka kwa treni, mi nitakurudishia asali. Nilitaka kuweka picha ya ile fremu iliyohama lakini umeme umekatika na simu ina asilimia tisa, nitaiweka kesho.