Besi si msingi, jamani

"Assalaam aleykum maalim. Mie niko Wete. Mwanangu kaja na kazi ya skuli ya kemia, kaandika juu kabisa 'tofauti ya asidi na msingi'. Tindikali naijua, asidi naisikia, lakini huo msingi umenishinda. Asidi na tindikali ni kitu kimoja? Na msingi ndo nini?"

Waaleykum salaam dada yangu. La kwanza jepesi: ndio, ni kitu kimoja. Tindikali utalisikia kwenye taarifa za habari mtu akimwagiwa, asidi ndo la madarasani, asili yake Kilatini, maana yake uchachu. Tumia unalotaka, hukosei.

Sasa huo msingi, hapo kaa kitako maana hili linanikera miaka na miaka. Najua lilikotoka. Kemia ya sekondari inasomeshwa kwa Kiingereza, mtoto anarudi nyumbani na neno lake "base", ambalo kwenye kemia ya Kiswahili ni besi, kinyume cha asidi, analitia kwenye simu, simu inamtolea "msingi", nae anaandika. Simu haijui kama anasoma kemia au anajenga nyumba.

Nishaiona kwenye daftari kwa macho yangu: "Chokaa ni msingi." Hebu muoneshe fundi yoyote wa Mji Mkongwe. Atakwambia naam, kweli tupu, maana nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe imeshuka mpaka chini kwenye msingi. Fundi kakubali, mwalimu kakubali, mtoto kapigiwa vema, na hakuna hata mmoja alieambiwa kuwa chokaa ile ikikaa mbichi vidoleni inakula ngozi! Halafu geuza ukurasa: "msingi imara huunguza". Msingi imara unabeba ghorofa, haumuunguzi mtu. Kinachounguza ni besi kali, kama hiyo kostiki soda wanayotilia kwenye mafuta ya nazi wanaopika sabuni ya mwani, ambayo ikikurukia jichoni inaweza kukupofua sawa na tindikali au kuizidi. Mtoto aliesoma "msingi imara" ataiogopa vipi? Hapo ndo hasira yangu ilipo, neno baya linamfichia mtoto hatari.

Yuko atakaenijibu kuwa hata hao Wazungu wenyewe walioanzisha neno "base" walikusudia msingi. Kweli, Mfaransa Rouelle mwaka 1754 alilitumia hivyo kwa kuwa aliona ndo kitu kinachoishika asidi mpaka ikawa chumvi kavu. Lakini hiyo ni picha ya lugha yao, kwetu sisi msingi unachimbwa kwa sururu. Na kama unataka neno la karibu na nyumbani lipo, alkali, la Kiarabu, limetokana na majivu ya mimea, na majivu ndo hayohayo bibi zetu waliyosugulia masufuria. Ila alkali ni besi inayoyayuka kwenye maji, kwa hiyo kila alkali ni besi, si kila besi ni alkali.

Mwanao aandike hivi: asidi inatoa ioni za hidrojeni (chembe ndogo zenye chaji ya umeme), besi inazipokea, zikikutana zinavunjana nguvu na mara nyingi inapatikana chumvi na maji. Kipimo chake ni pH, 7 ndo katikati, chini yake asidi, juu yake besi. Ndimu iko kama 2, bahari yetu kama 8, yaani ni besi kidogo ingawa ulimi unasikia chumvi tu.

Au mpe urojo, ile supu yetu ya manjano, ajionee mwenyewe. Amwagie tone kwenye kitambaa cheupe, litabaki doa la manjano. Apake sabuni ya mche, doa linageuka jekundu kama mate ya tambuu (na tambuu nayo wekundu wake unachochewa na chokaa). Wengi hapo wanashtuka, wanadhani kanzu ishaharibika, wanazidi kusugua na sabuni na wekundu unazidi, kumbe ni ile bizari ya manjano ya kwenye urojo imekutana na besi iliyomo kwenye sabuni. Sasa akamulie ndimu, doa linarudi rangi yake ileile anaona. Akipaka sabuni tena, jekundu tena.

Kisha achukue daftari, afute msingi kila ulipo, na ile sentensi aiandike upya: chokaa ni besi, usiishike kwa mkono mtupu.