Mnaoanza kuchora ramani za daladala, anzeni na majina

Wadogo zangu mnaoingia kazi hii ya ramani za usafiri, mie nawaambieni majina kwanza. Kaeni kitako mkubaliane majina ya vituo kabla hata mtu mmoja hajapanda gari.

Sisi tulianza kwa pupa. Tuko watatu hapa Unguja, mwenzetu wa nne yuko Nairobi anasafisha data, basi tunapanda gari, simu inarekodi njia, gari ikisimama unabonyeza unaandika jina, jioni tunatuma. Siku ya tatu kituo kizima hakipo, kumbe mwenzetu kaona imeandikwa "Mombasa" akajua tumekosea akafuta. Angejuaje kama na sie hapa mjini tuna Mombasa yetu, ile ya kwa Mchina? Kosa letu, si lake. Na kituo hichohicho mwengine kaandika "Kwa Mchina", mwengine "K/Mchina", kwa kompyuta hivo ni vituo vitatu.

Sasa tuna jedwali moja la pamoja mtandaoni, kila kituo na namba yake na shehia yake, jina analoita utingo ndo jina, mengine yanakaa safu ya pembeni. Utingo mwambieni mapema mnafanya nini, na nauli lipeni kama abiria wengine, mtu anaeandika andika ndani ya gari anatia watu wasiwasi.

Msinakili majina kutoka Google Maps mkayatia OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni anayochangia kila mtu, leseni hairuhusu. Kwenye simu zimeni kile cha kubana chaji, la sivyo programu ya kurekodi njia inalala na utakuta mstari umenyooka Darajani mpaka Bububu unapita baharini.

Jengine, GTFS, yaani mpangilio wa data za usafiri ambao programu za ramani zinausoma, ilitengenezwa kwa mabasi yenye ratiba, gari zetu zinaondoka zikijaa. Msibuni saa, hesabuni gari zinapishana dakika ngapi, asubuhi mbali na usiku mbali. Wenzetu wa Digital Matatus, mradi uliochora njia za matatu kule Nairobi, walikutana na hili kabla yetu, data zao wakaziweka wazi 2014, zisomeni khasa.

Halafu rudisheni ramani stendi. Sie tulichapisha tukaitandika juu ya boneti, dereva mmoja akaweka kidole, "mbona hapa penye skuli mumeparuka, watoto wote wanateremkea hapa." Tukakitia siku ileile.