Badilisha gia kabla mlima haujaanza

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini cheni ya baiskeli yako inalia na kuruka ukibadilisha gia mlimani. Unachelewa. Gia za aina hii, za kuhamisha cheni kutoka duara moja la meno hadi jingine, zinataka pedeli zizunguke, ila kwa mguu mwepesi. Ukikanyaga kwa nguvu zote cheni inashindwa kuhamia kwenye meno ya jirani. Punguza gia ukiwa bado tambarare, moja moja. Nyuma, duara kubwa ndilo jepesi. Mbele ni kinyume, dogo ndilo jepesi. Kubwa la mbele kwa kubwa la nyuma usiweke kabisa, cheni inakaa mshazari na kukaza mno.

Umeshakwama katikati ya mlima? Kanyaga kwa nguvu mara moja, legeza mguu nusu mzunguko, badilisha gia hapo hapo. Ukisikia "tak", imekaa.