Ndoto mbaya za Efavirenz: si dawa feki, ni kasi ya ini

Kuna waliodhani Efavirenz, dawa ya kupunguza makali ya VVU, waliyopewa ilikuwa feki. Hapana, haikuwa dawa feki. Kizunguzungu na ndoto za kutisha walizopata wengi kwa Efavirenz ya miligramu 600 vinatokana sana na ini kuichakata dawa polepole. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho CYP2B6, na Waafrika wengi tuna aina ya jeni inayokidhoofisha. Ukiwa umeirithi kwa baba na mama, dawa ya jana haijaisha mwilini unameza ya leo, inarundikana kwenye damu mpaka kichwa kinavurugika.

Prof. Collen Masimirembwa wa Zimbabwe na taasisi yake ya utafiti wa dawa na tiba, AiBST, iliyoko Harare, wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Ndiye pia mwandishi wa kwanza wa utafiti wa 1996 ulioeleza CYP2D6*17, aina ya jeni ya kimeng'enya kingine iliyoenea kwa Waafrika. Kazi kubwa sana, na inastahili kujulikana kwetu zaidi ya ilivyo.

Enzi za Efavirenz nilikuwa natoa dawa dirishani. Mama mmoja aliniambia akiamka usiku kwenda chooni lazima apapase ukuta. Aliambiwa ana woga tu. Hakuwa na woga, dozi ilikuwa kubwa kwa mwili wake.

Ila si kila kizunguzungu ni jeni. Hata kuimeza na chakula chenye mafuta mengi huipandisha kwenye damu. Na asiyeendana na dawa asijipunguzie mwenyewe, arudi kliniki abadilishiwe. Siku hizi wengi wanaanzishiwa Dolutegravir, dawa nyingine ya VVU.