Kwa anayetaka kununua F-150 ya Sharjah: namba ya chesisi kabla ya fedha

Usilipe. Hata riali moja ya kushikia gari usiitoe kabla hujaisoma mwenyewe namba ya chesisi ya pikapu hiyo na kuona ilikuwa katika hali gani siku ilipoondoka Marekani. Umeandika hapa jukwaani kwamba umepata Ford F-150 ya mwaka 2018 katika yadi moja ya Sharjah, gari la wared, yaani la kuagizwa kutoka nje, lililoletwa kutoka Marekani, kwa bei inayokaribia nusu ya ile ya gari la Khaliji, yaani lililoandaliwa kwa soko la Ghuba, la mwaka huohuo hapa Maskati, na kwamba Alhamisi utavuka mpaka wa Khatmat Malaha kwenda kumalizana na dalali. Umeuliza injini ipi ni bora, inakula mafuta kiasi gani, itastahimili mchanga wa Bidiya au la, na kama utaweza kuipeleka Tanga siku utakaporudi nyumbani. Hayo yote ni maswali ya mtu aliyekwisha kuwa na gari, na wewe, mdogo wangu, bado una fedha, jambo ambalo ni bora zaidi.

Mimi nililipa kwanza, nikauliza baadaye. Pikapu yangu ilikuwa ya aina hiyohiyo, ya mwaka 2016, nyeupe, yenye milango minne, na ilimeremeta kiasi kwamba shemeji yangu, ambaye ndiye aliyenishawishi niende Sharjah baada ya kutazama video za watu wasiomjua, alipiga picha nayo kabla hata hatujaiwasha. Dalali alitupokea kwa kahawa na tende, akatuita ndugu zake wa Oman, akafungua mlango, na ndani ya gari ikatoka harufu nzuri ya udi. Nilidhani ni heshima ya wageni. Sasa najua kwamba mtu anayefukiza udi ndani ya gari la kuuza ana harufu nyingine anayoificha, na harufu yenyewe ni ya zulia lililolala majini.

Nilikwenda na sumaku, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kwamba pale isiponata kwenye bodi ndipo palipojazwa puti. Niliipitisha kwenye mlango, haikunata. Nikaipitisha kwenye boneti, haikunata. Nikalizunguka gari zima huku dalali akinitazama kwa huruma, ndipo aliponieleza kwamba tangu matoleo ya mwaka 2015 bodi ya F-150 ni ya aluminiamu na hakuna sumaku duniani itakayoinata. Hilo lilikuwa kweli, na nadhani ndilo jambo la mwisho la kweli alilolitamka siku ile, ukiondoa moja nitakalolitaja chini. Alinitajia mwendo wa elfu tisini, nami kichwani nikasoma kilomita, kumbe zilikuwa maili, sawa na kilomita 145,000 hivi. Fundi aliyenikagulia gari alikuwa fundi wake yeye, mwenye gereji iliyotazamana na yadi, na karatasi aliyonipa ilikuwa na alama ya vema katika kila mstari, hata ule wa kifaa ambacho gari hilo halikuwa nacho. Sina haja ya kumtukana dalali huyo hapa, kwa kuwa nilikwisha kumtukana vya kutosha kwa simu, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, naye alinijibu kwa upole kwamba gari lilikuwa zima lilipotoka mikononi mwake, na kwamba labda ni mimi nisiyejua kuendesha magari makubwa.

Laiti ningefanya hesabu moja tu kabla ya kuvuka mpaka. Magari ya Ford ya jamii hii ndiyo pikapu zinazoongoza kwa mauzo nchini Marekani tangu mwaka 1977. Pikapu nzima ya aina hiyo haikosi mnunuzi huko, na wala haiuzwi kwa bei ya kutupa. Sasa mtu aitoe huko, alipie meli, alipie ushuru wa forodha wa asilimia 5 na kodi ya ongezeko la thamani, aipake rangi, aipambe, aweke faida yake, kisha bado akuuzie kwa nusu ya bei ya gari lililonunuliwa jipya hapa hapa kwa wakala. Hesabu hiyo haikubali isipokuwa kwa njia moja, nayo ni kwamba gari lilinunuliwa mnadani kwa bei ya chuma chakavu, kwa sababu kampuni ya bima ilikwisha kumlipa mwenye gari na kuliandika kuwa ni hasara kamili. Zipo wared nzima, sikatai, hasa zile zilizoletwa na wenyewe waliokuwa wakisoma au kufanya kazi kule wakarudi nazo zikiwa na hati za majina yao. Hizo hazina bei ya kushangaza.

Maji ya mafuriko hayaliui gari siku hiyohiyo, na hapo ndipo mtego ulipo. Gari hukaushwa, huoshwa, hubadilishiwa zulia na vitambaa vya viti, nalo huwaka vizuri, kiyoyozi kikatoa baridi na redio ikaimba. Lakini maji yanapoingia huacha tope na chumvi ndani ya konekta za nyaya, mahali ambapo hakuna mtu anayeosha, na chumvi hiyo hungoja unyevu. Joto la pwani ya Oman halina ukavu wa jangwani; hapa Maskati wakati wa kiangazi unyevu wa bahari hukaa usiku kucha, na kule Quriyat mwezi Juni mwaka 2018 ilipatikana siku nzima ambayo joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6, hata usiku. Katika hali hiyo shaba hushika kutu ya kijani taratibu, konekta moja baada ya nyingine, na kwa bahati mbaya kompyuta inayotawala taa, milango na vifaa vingi vya ndani ya F-150 za miaka hiyo imefungwa chini karibu na mguu wa abiria wa kulia, yaani mahali pa kwanza kufikiwa na maji.

Yangu ilinivumilia majira ya baridi yote, ikanifanya nijione mjanja. Mwezi Julai tukafunga safari ya Salalah kwa ajili ya kharifu, msimu wa manyunyu wa kule, mama yangu akiwa kiti cha mbele, mke wangu na watoto nyuma. Kutoka Maskati hadi Salalah ni karibu kilomita 1,000, na ukishaupita mji wa Adam unaingia katika jangwa la changarawe lisilo na mti wala kivuli. Tulipokuwa hatujafika Haima feni ya kiyoyozi ilinyamaza, kisha taa za dashibodi zikawaka zote kwa pamoja kama mji wa Mutrah usiku wa sikukuu, kisha injini ikakataa kupandisha mwendo. Vioo vya umeme navyo viligoma kushuka, kwa hiyo tulilazimika kufungua milango na kusimama pembeni ya barabara katika joto lililopita nyuzi 45. Mama hakusema neno lolote, na kila aliyelelewa na mama wa Kiunguja anajua kwamba kimya hicho ni kikali kuliko matusi. Aliyetuokoa alikuwa mzee wa Kibedui mwenye Land Cruiser kuukuu iliyobeba mbuzi, ambaye alilizunguka gari langu, akauliza kama ni la wared, akacheka peke yake, kisha akatufunga kamba na kutuvuta hadi Haima.

Wakala wa hapa alikataa kuligusa kwa sababu gari halikuuzwa kwa ajili ya soko la Ghuba. Kampuni ya bima ilikuwa imeniandikia bima ndogo tu, na nilipoikatia nilifurahi kwamba ni rahisi, bila kujiuliza kwa nini hawataki kunipa kubwa. Fundi wa umeme wa Wadi Kabir ndiye aliyefungua kile kifuniko cha mguuni kwa abiria, akanionyesha konekta za kijani na tope lililokauka lenye rangi isiyopatikana katika udongo wa Oman. Kisha akaiandika namba ya chesisi kwenye simu yake, na kabla chai yetu haijapoa akanigeuzia kioo: pikapu yangu, ikiwa na rangi yake nyeupe na mkwaruzo wa bampa ninaoufahamu, imesimama katika uwanja wa mnada karibu na Houston baada ya kimbunga Harvey cha Agosti 2017, na mstari wa tope umepita juu ya vishikio vya milango. Picha hizo zilikuwa wazi kwa kila mtu tangu kabla sijamjua dalali. Kompyuta ya kutumika, nyaya, mota ya kuingizia magurudumu manne, kiyoyozi na kazi ya mikono vilinigharimu zaidi ya bei niliyonunulia gari, na mwishowe niliiuza vipande vipande.

Kwa hiyo nakusihi umwandikie dalali wako leo, kabla ya Alhamisi, akutumie picha ya namba ya chesisi inayosomeka kupitia kioo cha mbele upande wa usukani, na picha ya kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba ina tarakimu na herufi 17. Herufi ya I, O wala Q haimo. F-150 huanza na 1, alama ya Marekani, na alama ya kumi huonyesha mwaka wa toleo, ambapo 2018 ni J. Itafute namba hiyo nzima kwenye intaneti, kwa sababu minada ya Marekani huweka picha za kila gari, na nakala za picha hizo hubaki katika tovuti nyingine miaka mingi baada ya mauzo. Kisha lipia ripoti, iwe ya Carfax, kampuni ya kumbukumbu za magari, au zile zinazochota kutoka NMVTIS, mfumo wa taifa wa Marekani wa kumbukumbu za hati za magari. Usitosheke na hati safi utakayoonyeshwa, kwa kuwa sheria za majimbo hutofautiana, na wapo wanaosajili gari upya katika jimbo jingine ili alama ya mafuriko au ajali ipotee. Gari lako ni la mwaka 2018, na wewe utasema Harvey haikulikuta. Lakini kimbunga Ida cha mwaka 2021 huenda kililikuta, na kile cha Ian cha Septemba 2022 kilichosukuma maji ya bahari hadi ndani ya mitaa ya Fort Myers huenda nacho kililikuta, na maji ya bahari ni mabaya zaidi. Namba hiyohiyo, ukiiingiza katika tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, hukuonyesha kama gari lina marekebisho ya usalama ambayo kiwanda kiliagiza na hayajafanywa.

Akikujibu kwamba namba utaipata ukifika, au ukishaweka amana, basi amekwisha kukujibu. Na ukifika kwa vyovyote vile, nenda na fundi wako, linganisha namba ya kioo na ya mlango na ile iliyogongwa kwenye chesisi, vuta mkanda wa usalama hadi mwisho wake uone kama sehemu iliyojificha ina tope, chunguza kutu kwenye boliti za chini ya viti, na uhakikishe kwamba taa ya mifuko ya hewa inawaka ukifungua swichi kisha inazimika, kwa sababu ile isiyowaka kabisa imezimwa na mtu.

Dalali atakuambia pia, kama alivyoniambia, kwamba watu wanaolalamikia rejeta ndogo na kiyoyozi dhaifu cha magari ya Marekani wanapiga porojo, kwa kuwa Phoenix kuna joto kuliko hapa. Hilo ndilo jambo la pili la kweli. Mwaka 2023 mji huo ulipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi, na pikapu za kule ziliendelea kwenda kazini. Gari la Khaliji limeandaliwa kwa joto na vumbi la huku na lina dhamana ya wakala, na kwa sababu hiyo mimi ningelichagua, lakini jukwaa hili limejaa mabishano ya rejeta ilhali mtu anauziwa gari lililozama. Ukweli wa Phoenix ndio ulionifanya niamini na yale mengine.

Mafuta: yenye V8 ya lita 5.0 na magurudumu manne hutumia kiasi cha lita 13 kwa kilomita 100 kwa vipimo vya Marekani, na kiangazi chetu na kiyoyozi kilichofunguliwa mpaka mwisho huongeza. Ukipata yenye tangi kubwa la lita 136, kulijaza kwa baisa 239 kwa lita ni riali 32 na ushei.

Bidiya inapitika, ila shusha upepo wa tairi hadi psi 15 au 18, uwe na pampu ya kuurudisha, na usiingie peke yako, kwa sababu gari la karibu mita sita hulala tumbo kwenye ncha ya tuta kwa urahisi kuliko Land Cruiser, na kulitoa kunataka gari jingine na kamba nene.