Stempu za Dubai: anza na muhuri

Wengi wanaoanza kukusanya stempu za Ghuba hununua kwanza pakiti ya bei chee iliyojaa wanaanga, vipepeo na wachezaji mpira, zote zikiwa na jina la Ajman, Fujairah au Manama (si ile ya Bahrain, ni sehemu ya Ajman). Zinapendeza, na mtoto akizitaka mnunulie. Ila kama nia yako ni kuijua historia ya posta ya Dubai, ziweke kando ujifunze kusoma mihuri.

Posta ya kwanza Dubai ilifunguliwa 1909, ikiwa tawi la posta ya Uhindi. Barua zilibandikwa stempu zile zile zilizouzwa Bombay na Karachi, hazina neno lolote la Dubai. Ukiipata moja muhuri wake hausomeki, hiyo ni stempu ya kawaida ya Uhindi basi. Ukisomeka DUBAI, hapo umepata kitu. Waliokusanya stempu za Unguja wanaijua hali hii: kabla ya stempu za Uhindi kupigwa chapa ya jina la Zanzibar mwaka 1895, ni muhuri tu uliosema barua ilitoka wapi.

Uhindi ilipogawanyika 1947, posta ya Dubai iliangukia mikononi mwa Pakistan, ikakaa huko hadi mwisho wa Machi 1948. Ni miezi michache tu, kwa hiyo bahasha za wakati huo ni adimu. Ukiuziwa kwa bei ya kutupa, uliza maswali.

Tarehe 1 Aprili 1948 Waingereza walichukua usukani. Walileta stempu za kwao zenye kichwa cha Mfalme George wa Sita, na juu yake wakachapa thamani mpya kwa “ana” (sarafu ndogo, 16 kwa rupia) na rupia. Wageni wengi hupotea hapa. Za Bahrain na Kuwait zilichapwa na jina la nchi. Hizi za Dubai hazikuwa nalo, na ziliuzwa Muscat vilevile, na kwa muda hata Doha. Shika kioo cha kukuza, uinamishe stempu kwenye mwanga, utafute herufi za muhuri pembeni mwa uso wa mfalme. Mara nyingi utaambulia mbili tatu tu: BAI, au MUS. Zinatosha.

Sarafu nayo ni shahidi mzuri. “Ana” ziliondoka Aprili 1957, zikaja “naye paise” (yaani paisa mpya), 100 kwa rupia. Mwaka 1966 rupia nayo ikaachwa: Dubai ikahamia riyal na dirham, Abu Dhabi fils na dinar. Kabla ya kufungua katalogi, tazama thamani iliyochapwa. Itakupunguzia nusu ya kazi.

Januari 1961 zilitoka stempu 11 zenye maandishi Trucial States (jina la zamani la emirati hizi kwa pamoja), za thamani ndogo zikiwa na mitende saba, mmoja kwa kila emirati, na za rupia zikiwa na jahazi. Usidanganywe na jina hilo pana, maana zilitolewa Dubai peke yake. Juni 1963 Waingereza walifunga posta yao, na Dubai ikatoa stempu zake yenyewe, zenye viumbe wa baharini kwenye thamani ndogo.

Kuanzia hapo mambo yalienda mbio kupita kiasi. Emirati ndogo ndogo zilitia saini mikataba na wafanyabiashara wa nje, Finbar Kenny wa Marekani akiwa mmoja wao, na stempu zikamiminika kuliko barua. Nyingi zilipigwa muhuri zikiwa bado shiti nzima, hazijakatwa, ili wauziwe wakusanyaji. Kuzitambua si kazi: robo duara safi ya muhuri imekaa pembeni, haijagusa picha, na ukiigeuza stempu unakuta gundi yote ipo. Stempu iliyosafirisha barua haiwezi kubaki na gundi yake.

Mwezi Agosti 1972 Umoja wa Falme za Kiarabu ulichukua posta za emirati zote, na Januari 1973 zikatoka stempu za kawaida za nchi nzima.

Na ukipewa bahasha nzima, usiloweke wala kubandua kitu. Iache na mihuri ya nyuma pia, maana huko ndiko posta za njiani zilikoacha tarehe zao.