Maisha Matano Niliyoyaandika Daftarini

Juzi usiku dada mmoja kaniandikia: "Kaka, ningemkubali yule wa kwanza, saa hizi ningekuwa na kwangu. Sioni cha kuamkia." Nilimpigia papo hapo nikamuuliza wazi kama anafikiria kujiua. Msiliogope swali hilo, jamani. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Tuliongea hadi akaniruhusu nimwamshe dadake aje alale naye.

Mwaka 2017 nilikuwa palepale alipo. Udaktari niliukosa kwa pointi chache, nikaingia soko la Gikomba, Nairobi, kushona mabegi, kibanda kikaungua pamoja na cherehani. Mjomba akasema mbele ya watu kwamba karo yangu ingenunua ng'ombe. Bado inaniuma. Na niseme kwa nani? Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kifungo hadi miaka miwili. Mahakama Kuu ilikuja kukibatilisha Januari 2025.

Jioni moja nilikaa kwenye benchi katika bustani ya Jeevanjee na daftari la kurasa 32, nikaanza kuandika maisha niliyonyimwa. Daktari. Dereva wa lori la Mombasa hadi Kampala. Mwalimu Lodwar. Niliandika mpaka viatu nilivyovaa na chakula nilichokula. Daktari anatoka wodini, anampigia Mama saa mbili usiku. Dereva anaegesha Mtito Andei, anampigia Mama. Kufika maisha ya tano nikaona mkono umeandika tena: nampigia Mama.

Niliangalia saa. Saa mbili kasorobo. Nikapiga.

"Umekula?" akauliza.

Nililia pale mbele ya watu wa magazeti. Kesho yake nikamwambia yote, naye akanisindikiza hospitali. Leo nina cherehani tatu na vijana wawili wa kazi, na ninajivunia.

Kwa hiyo andika, ndugu yangu. Usiandike cheo tu, andika Jumanne ya kawaida ya maisha hayo: nani anabisha hodi, nani anapika. Ila kama usiku ni mzito, daftari lingoje. Piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ni bure, au mwamshe mtu.

Yule dada, kwa ruhusa yake, jana kanitumia ukurasa wa kwanza. Yuko Kisumu kwa mume yule, anakaanga omena, na katoto kanaingia jikoni bila hodi kuomba kipande cha chapati. Nikamuuliza katoto ni ka nani.

Ni ka jirani yake wa hapa Kayole.